Opereta wa Zamu ya Asubuhi

Kituo cha Redio, Bagamoyo
Ijumaa, 3 Mei 2024

Kwa Opereta wa zamu ya asubuhi, Makao Makuu, Dar es Salaam

Assalaam alaikum.

Usishtuke kupata bahasha. Mimi ndiye Bagamoyo. Ndiye yule unayemwita kwenye redio ya mawasiliano kila siku saa moja kamili asubuhi, nami nakujibu nakupata vizuri hata mvua ikipiga bati mpaka sijisikii mwenyewe. Jina langu Mwaija binti Mohamedi. Miaka kumi na tisa tunasemeshana wewe na mimi, nakujua ukiwa na mafua, nakujua ukiwa na njaa siku za Ramadhani, lakini jina lako silijui. Ninachokijua ni herufi mbili unazotaja mwisho wa kila ujumbe, T.S., nami naziandika kwenye daftari la mawasiliano. Hewani soga ni marufuku, na mimi sheria ya kazi sijaivunja hata siku moja, ndiyo maana nimekaa na kiu yangu miaka yote hiyo.

Sasa nina shida, na shida imenipa ruhusa. Mimi ni Opereta wa Redio Daraja la Kwanza. Kwenye daraja hilo nimekaa miaka kumi na moja, nimeota mizizi. Tarehe 30 Novemba natimiza sitini, nastaafu, na mafao yanapigiwa mshahara wa mwisho. Nikitoka nilivyo, basi ndiyo nimetoka hivyo mpaka kaburini. Nikitoka Opereta Mwandamizi, walau nitaezeka upya nyumba. Waraka mpya wa muundo wa kada yetu unasema anayetaka Uandamizi alete ushuhuda wa maandishi kutoka kwa opereta aliyefanya naye kazi si chini ya miaka mitatu. Mkuu wangu wa kituo ana miezi sita hapa, na redio anaiogopa kama nyoka. Nani mwingine ameisikia kazi yangu kila siku ila wewe? Kamati inakaa tarehe 15 Agosti. Fomu nimeambatanisha.

Na swali jingine, la udadisi tu: wewe uko daraja gani? Nimeshakupandisha cheo mara nyingi kichwani mwangu, nataka kujua kama serikali imenifuata.

Utasema ningekupigia simu, lakini mambo ya cheo nayataka kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi. Begi la ofisi huja huko kila Ijumaa.

Wako,
Mwaija binti Mohamedi
Opereta wa Redio Daraja la Kwanza


Makao Makuu, Dar es Salaam
Ijumaa, 17 Mei 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara nne, mara mbili nimeketi na mara mbili nimesimama. Jina langu Twalha Sufiani, mzaliwa wa Vigwaza. Nina miaka hamsini na moja. Unisamehe, miaka yote hii nilikudhania binti wa arobaini na kitu, kwa ukali ule wa asubuhi. Kumbe nilikuwa nadaiwa shikamoo zote hizo.

Nimefurahi sana kujua jina lako. Mke wangu anauliza kwa nini natabasamu na kikombe hakina kitu.

Fomu nimeiona. Nitaangalia la kufanya. Kuhusu daraja langu, sisi wa Makao mambo yetu yana mzunguko mrefu kidogo, si ya kuyaeleza kwenye barua moja. Lakini kazi yako naijua. Hilo usilitilie shaka.

Nisamehe kwa karatasi. Nimeandikia kwenye fomu ya ujumbe iliyobaki.

Wako,
T. Sufiani


Bagamoyo
Ijumaa, 24 Mei 2024

Mdogo wangu Twalha,

Marahaba. Marahaba za miaka kumi na tisa, uzigawe mwenyewe.

Mzunguko mrefu ndiyo daraja gani? Muundo ninao hapa mezani, nimeusoma mpaka mgongo umeuma: Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Mwandamizi, Mkuu. Hakuna mahali pameandikwa Mzunguko Mrefu. Mimi nasema wewe ni Opereta Mkuu na unaona haya kujitapa mbele ya mwanamke mtu mzima. Utaratibu wako unakutambulisha: hujawahi kunikatiza, hujawahi kunipa ujumbe bila kunisubiri niurudie neno kwa neno. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa chini yangu.

Bahasha hizi nanunua kwa Taher, mwenye duka la kamba na misumari lililopakana na ofisi yetu. Baba yake aliuza hapo hapo, na babu yake. Ana mdomo huyo! Nilipomwambia nina Opereta Mkuu anayeniandikia kwa mkono wake, akaweka mzani chini: "Dada Mwaija, bosi haandiki barua kwa mkono. Bosi anasema, karani anaandika. Huyo mtu wako si bosi." Nikamwambia auze misumari yake aniache.

Lakini amenitia udadisi, mshenzi yule. Nikaanza kufukua madaftari. Mbona kila siku kuanzia saa sita mchana hakuna T.S. kamwe? Anakuja yule kijana anayekula maneno. Mchana unakwenda wapi? Una ofisi nyingine? Au wewe ni mkubwa wa vikao?

Fomu usisahau. Kurasa mbili tu, na mahali pa sahihi na cheo.

Wako,
Mwaija


Dar es Salaam
Ijumaa, 14 Juni 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Nimebanwa sana wiki hizi. Kuhusu fomu, nashauri umwombe opereta wa Lugoba, naye amekusikia ingawa si sana. Tafadhali usinisubiri mimi.

Mchana huwa nipo. Nipo hapa hapa Makao.

T. Sufiani


Bagamoyo
Ijumaa, 28 Juni 2024

Twalha,

Opereta wa Lugoba ana mwaka mmoja na miezi miwili kazini. Waraka unasema mitatu. Wewe unajua kusoma, kwa hiyo umeniambia hivyo ili nikuondokee tu. Roho iliniuma, sitakuficha.

Jumatano nilikuja Dar kupima macho. Nikasema nitapita Makao, nimwone mtu huyu uso kwa uso, aniambie mwenyewe hataki. Nikabeba na visheti, maana sikuzoea kwenda kwa watu mkono mtupu.

Sasa nisikilize. Getini kwenu kuna mlinzi. Sweta la kijani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Saa nane mchana, jua kali, nikamsalimia vizuri, "Habari za kazi, baba?" Kimya. Nikasema ninamtafuta Opereta Twalha Sufiani. Kimya. Akanitazama kama mtu aliyeona jini, macho yakamjaa maji, akatikisa kichwa. Nikadhani ni bubu, maskini, nikaanza kumwonyesha kwa mikono, najishika masikio, naigiza maiki, watu barabarani wananitazama. Akachukua karatasi akaandika: OPERETA HAYUPO. Basi. Nikamkabidhi visheti nikamwambia ampe Bwana Twalha mkononi, asivile. Na nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimeudhika, kwamba hata bubu huitikia salamu kwa kichwa.

Je, visheti vilikufikia?

Ile karatasi ninayo. Nimeiweka hapa pembeni ya barua zako. Mlinzi wenu ana mwandiko mzuri ajabu kwa mtu wa getini. Herufi R yake ina mkia umepinda kushoto. Na R zako zina mkia umepinda kushoto.

Nauliza tu.

Mwaija


Dar es Salaam
Ijumaa, 5 Julai 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Visheti vilifika. Nilivila nimesimama kwenye kibanda cha getini, na nikalia, mtu mzima mimi.

Ningefungua mdomo tu ungenijua. Neno moja, "salama", ungenijua. Kwa hiyo nikaufunga.

Mimi si Opereta Mkuu. Si Daraja la Kwanza wala la Pili. Mimi ni mlinzi. Niliajiriwa mlinzi mwaka 2003 na mpaka leo kwenye orodha ya mishahara nimeandikwa mlinzi. Muundo ulio mezani kwako haunijui. Nilipangiwa kulinda chumba cha redio, na opereta wa wakati ule, Mungu amrehemu, alinifundisha kwa kuwa alichoka kukaa na mtu asiyesema naye. Akaugua. Asubuhi moja boti ya doria ikazimika na watu sita ndani, wanaita, na chumbani nipo peke yangu. Nikashika maiki. Mkubwa wa wakati ule akasema vizuri, endelea kwa muda, tunaomba nafasi ya opereta. Nafasi haikuja. Wakubwa wamebadilika watano, kila mmoja ananikuta kitini na kudhani nimeajiriwa hapo. Asubuhi nakaa redioni, mchana narudi getini ili kwenye zamu ya walinzi nisionekane mtoro. Huo ndio mzunguko mrefu.

Nimeogopa kusema kwa sababu mbili. Moja, wakijua wataniondoa redioni, labda na kazini kabisa. Ya pili ni wewe. Ulinipa cheo kichwani mwako, nami nilikipenda.

Fomu yako ninayo. Mahali pa cheo naweza kuandika Opereta Mkuu nikatia T.S. Kwenye kamati hakuna anayenijua. Utapata Uandamizi wako. Sema neno moja tu, nitaandika.

Twalha


Bagamoyo
Ijumaa, 12 Julai 2024

Twalha,

Wiki hii hewani nimekujibu kwa mkato na wewe umesikia. Nilikuwa na hasira. Nilitahayari mno. Mimi nimekaa getini kwenu naigiza maiki kama mwendawazimu na wewe unanitazama! Nikikumbuka nafunika uso kwa khanga nikiwa peke yangu.

Halafu Jumanne nikajiuliza, hasira hii ni ya nini hasa? Ujumbe gani uliwahi kunipa ukawa na kosa? Hakuna. Hata mmoja. Kwa hiyo niliyemjua nilimjua kweli, nilichokosea ni nguo zake.

Sasa neno lako unalolisubiri: hapana. Karatasi ya uongo siitaki. Nimekaa miaka ishirini na saba kwenye kazi ambayo ukikosea tarakimu moja boti inapelekwa kusiko, na leo nistaafu kwa cheo cha uongo? Nyumba nitaiezeka kwa makuti.

Lakini hasira ilinisaidia kitu, maana nikikasirika napanga vitu. Nikateremsha madaftari yote kutoka juu ya kabati, mpaka yale ya mwanzo, nimepiga chafya siku mbili. Taher akanisaidia kubeba, huku ananiambia "nilikwambia, nilikwambia." Tazama nilichokipata. Nakunakilia kama kilivyo:

"Jumatatu, 14 Machi 2005. Saa 1:20 asubuhi. Makao yamepokea ujumbe wa boti iliyozimika. Opereta ni mgeni, sauti inatetemeka, hajui kurudia ujumbe. Nimemfokea. Amerudia vizuri. T.S. Watu sita wako salama saa 4:05."

Huyo ni wewe. Nilikufokea siku yako ya kwanza nami nimeandika. Na kuanzia siku hiyo, kila asubuhi, T.S., T.S., T.S., madaftari thelathini na manane. Ulikuwa unasema huna karatasi inayokujua? Zimejaa kabati huku.

Andika ushuhuda wangu. Andika ukweli mtupu, na mahali pa cheo andika ulivyo. Mimi naambatanisha nakala za madaftari na muhuri wa kituo, na ushuhuda wangu juu yako. Wakikukubali wewe wamenikubali mimi. Wakikukataa, tumekataliwa wote, basi.

Ukiogopa pia nitaelewa. Ila usininyamazie tena.

Dada yako,
Mwaija


Dar es Salaam
Ijumaa, 19 Julai 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Naogopa. Nimeandika hivyo hivyo nikiogopa. Mke wangu alisema, "Ukimwaga unga tutaukusanya," akaenda kulala.

Nakala yako hii hapa, ya asili nimeikabidhi masjala mwenyewe:

"Namfahamu mtumishi huyu kwa sauti tangu 14 Machi 2005. Hajawahi kuchelewa kujibu. Hajawahi kupokea ujumbe bila kuurudia. Aliyenifundisha kazi hii vizuri ni yeye, kwa kunifokea. Kwa maoni yangu alistahili Uandamizi kabla mimi sijajua neno hilo. Twalha Sufiani, Mlinzi."

Yule dada wa masjala alisoma mwisho, akaniangalia, akasoma tena, akagonga muhuri.

Twalha


Bagamoyo
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Twalha,

Tangu kamati ikae tarehe 15, asubuhi anayeniita ni yule kijana anayekula maneno. Nimemuuliza T.S. yuko wapi, akanijibu, "Soga hewani ni marufuku, Bagamoyo." Mimi! Ananiambia mimi!

Uko wapi? Nimekutilia kitumbua mchanga? Hata Taher ameacha kunitania, ndipo nikajua uso wangu umekuwaje.

Ukipata barua hii nijibu hata neno moja.

Mwaija


Dar es Salaam
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Nisamehe. Niliambiwa nisiandike wala nisishike mitambo mpaka shauri liishe, na wewe unajua mimi na maagizo. Bahasha yako ilikaa mfukoni wiki nane.

Waliniondoa redioni siku ile ile kamati ilipokaa. Nikawa getini asubuhi na mchana. Saa moja kamili ikifika midomo inacheza yenyewe, "Bagamoyo, Bagamoyo", walinzi wenzangu wakadhani naomba dua.

Wakaniita mara tatu. Mara ya kwanza kunifokea: nani alikuruhusu? Nikawataja wakubwa watano, wawili wamestaafu, mmoja marehemu. Mara ya pili wakaweka nakala za madaftari yako mezani. Mwenyekiti ni mama mmoja mkimya anaitwa Bi Esha. Alisoma ule ukurasa wa 14 Machi, pale pa "nimemfokea", akacheka mpaka akavua miwani. Akauliza, "Huyu mwanamke bado yuko kazini?" Nikasema yuko, kwa mwezi mmoja na kitu. Mara ya tatu wakaniweka kitini, wakanipa ujumbe wa maneno themanini kutoka Lugoba uliojaa kelele, niupokee. Niliurudia neno kwa neno. Bi Esha akasema imetosha.

Barua zimetoka leo. Yako utaipata ndani ya begi hili hili, lakini siwezi kujizuia: wewe ni Opereta wa Redio Mwandamizi kuanzia tarehe 1 Novemba. Mwezi mmoja kamili, dada. Mshahara wa Uandamizi utauona mara moja tu, lakini huo ndio wa mwisho, na huo ndio unaohesabiwa.

Mimi nimebadilishiwa kada. Opereta wa Redio Daraja la Pili. Ngazi ya wanaoanza. Na kwa kuwa ninaanza, barua inasema nitakuwa kwenye kipindi cha majaribio miezi kumi na miwili, ionekane kama kazi nitaiweza. Nimeisoma mbele ya mke wangu, tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Kituo changu ni Bagamoyo. Naripoti Jumatatu tarehe 4 Novemba, chini ya usimamizi wa Opereta Mwandamizi wa kituo, na akistaafu nashika kiti chake.

Miaka kumi na tisa nakuita, na sasa nikija hatutaitana tena.

Twalha Sufiani
Opereta wa Redio Daraja la Pili (kwenye majaribio)


Kituo cha Redio, Bagamoyo
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Barua yangu niliisomea dukani kwa Taher, kwa sauti, wateja wakasubiri misumari yao. Ameninunulia soda. Anasema yeye ndiye alijua tangu mwanzo wewe si bosi, kwa hiyo na yeye anastahili kupandishwa.

Leo ndiyo siku yangu ya kwanza ya Uandamizi, na kazi ya kwanza ya Uandamizi ni kujaza fomu yako ya majaribio. Nimeijaza mapema, sipendi viporo. Nakunakilia sehemu yake, maana utaikuta kwenye faili hata hivyo.

Msimamizi amemfahamu mtumishi kwa miezi mingapi? Nimeandika: 235. Kisanduku kilikuwa cha tarakimu mbili, nimetokeza nje.

Mtumishi anaweza kupokea ujumbe kwa usahihi? Nimeandika: Tazama madaftari thelathini na manane.

Mtumishi anahitaji mafunzo gani? Nimeandika: Aache kuogopa.

Msimamizi amewahi kumwona mtumishi akiwa kazini? Nimeandika ukweli: Mara moja. Alikuwa getini, na hakusema neno.

Basi Jumatatu njoo. Mlango wa ofisi uko nyuma, upande wa duka la Taher. Meza ya redio imewekwa hivi kwamba anayekaa ameupa mlango mgongo, na saa moja kamili nitakuwa nimekaa hapo, maiki mkononi. Usiingie kwa kunyata, wala usinigonge bega. Simama mlangoni upige hodi kwa mdomo wako. Sitageuka mpaka nikusikie.

Wako,
Mwaija binti Mohamedi
Opereta wa Redio Mwandamizi